Nilivyoshushwa Kwenye Ndege kwa Kufuata Masharti

Kosa langu la kwanza nililifanya Bariadi, wiki mbili kabla ya safari, nikiwa nimekaa kwenye banda langu la kutengenezea simu na hakuna mtu aliyeniudhi. Niliingia mtandaoni nikatafuta masharti ya abiria wa ndege, nikayapata, nikayachapisha kurasa kumi na moja, nikayabana kwa pini na kuyapigia mistari kwa kalamu nyekundu. Yalikuwa masharti mazuri sana. Yalikuwa pia ya shirika la ndege la nchi nyingine, ambalo halijawahi kutua Mwanza na sidhani kama lina mpango huo. Jina la shirika lilikuwa juu ya kila ukurasa. Sikulisoma, kwa sababu nilikuwa nasoma mambo ya muhimu.

Wengi mmeniuliza kilichotokea, na najua kila mmoja ameshasikia habari yake. Kuna anayesema nilipigana na rubani. Kuna anayesema nilikutwa na kisu. Rubani sikumwona hata kisogo. Naandika yote mara moja ili nisiyarudie kila ninapokwenda kunywa chai.

Mnanijua nilivyo. Ufundi wa simu nilijifundisha mwenyewe, na mtu aliyejifundisha mwenyewe anaishi akisubiri siku atakayotokea msomi na kumwambia kwamba yote anayofanya ni makosa. Kwa hiyo mimi nasoma maelekezo. Nasoma hata ya dawa ya mbu, pande zote mbili.

Safari yenyewe ilikuwa na sababu moja. Mdogo wangu Maduhu alikuwa Dar es Salaam, anaondoka kwenda kusoma China, miaka minne, bila kurudi likizo. Ndege yake ilikuwa ya saa moja jioni. Mama yetu, tunayemwita Mayu, alitaka jambo moja tu: amwone kwa macho kabla hajaondoka. Tungeweza kutangulia kwa basi siku mbili kabla, lakini pamba yake ilikuwa ghalani haijapimwa, na Mayu hakubali pamba yake ipimwe yeye hayupo. Ikabaki ndege, siku ileile. Habari za tiketi nawaondolea.

Lagangabilili: mazoezi ya kukaa

Mayu anaishi kijijini, nje kidogo ya Lagangabilili. Nilikwenda huko Jumamosi mbili mfululizo kumfundisha kupanda ndege. Nilipanga viti sita vya plastiki uani, safu mbili, nikaacha njia katikati. Mkanda wa usalama ulikuwa kamba ya kufungia ndama. Nikamsomea: husalimii watu usiowajua, humuulizi mtu kabila lake, huvui viatu, hubebi chakula chenye harufu, na mhudumu akikuambia kaa, unakaa. Mayu akakaa. Kuku mmoja naye akapanda kiti cha nyuma yake, na kusema kweli ndiye aliyekuwa ametulia kuliko sisi sote.

"Sasa Masunga," Mayu akaniuliza, "huko ndani mtu akikusalimia unamnyamazia?"

"Unatikisa kichwa tu, Mayu."

"Kama mgonjwa."

Nikaandika pembeni ya karatasi: salamu, kurudia zoezi.

Kifungu cha saba kilikataza malapa, kandambili na miguu wazi. Mayu ana katambuga, ndara za tairi la gari, ambazo amezivaa shambani mpaka zimeujua mguu wake. Nilimtafutia Bariadi viatu vyeusi vya kufunika, vya mtumba lakini vya ngozi, namba thelathini na nane. Vilikuwa sahihi kabisa. Kasoro ilikuwa kwenye miguu. Mayu alivivaa, akasimama kidogo, akasema vitamfaa sana mtu asiyetembea.

Bariadi hadi Mwanza

Tuliondoka Bariadi alfajiri kwa basi dogo. Mimi nilivaa suti ya kijivu na tai, kwa mujibu wa kifungu cha tatu. Mayu alivaa gauni la kanisani, kanga mbili na viatu. Kabla ya Lamadi tukakuta ng'ombe wamejaa barabarani, kundi lisilo na mwisho, na dereva akaanza kupiga honi. Mayu akamwambia ng'ombe hawapigiwi honi kama vile ni bodaboda. Kisha akachungulia dirishani na kuanza kuwasifu mmoja mmoja, akataka kujua wa nani, akajibiwa, akagundua kwamba mwenye mifugo ameoa kwa jirani zetu. Tulikaa pale karibu nusu saa. Mimi nilikuwa naangalia saa na kutokwa na jasho ndani ya suti ya heshima.

Lamadi wakaja wauza samaki. Mayu alitaka sato wa kukaanga. Nikamkumbusha kifungu cha harufu, nikampa biskuti. Alizila kama mtu anayemeza vidonge. Hapo ndipo nilipoona furushi mapajani mwake. Lilikuwa na matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa juani. Maduhu alikulia hayo.

"Mayu, tulikubaliana."

"Matobolwa hayanuki," akasema. "Ukisikia harufu yoyote, ni mimi."



Mwanza: mavazi ya heshima

Uwanjani kulikuwa na tangazo kaunta kwamba abiria wavae na kuenenda kwa heshima. Moyo wangu ulitulia kulisoma. Kijana wa kaunta, ambaye shati lake lilikuwa limembana mpaka vifungo vinaomba msaada, alimkagua kila abiria kuanzia juu mpaka chini kama mnunuzi mnadani. Mbele yetu alikuwapo binti mmoja aliyevaa sketi iliyoishia juu ya magoti. Kijana akamwambia nguo ile haiwezi kupanda ndege.

"Nguo haipandi, napanda mimi," binti akajibu.

"Dada, ujifunike au usubiri pembeni."

Wakati huohuo wakapita wazungu wanne waliotoka kuangalia wanyama Serengeti. Kaptula zao zilikuwa fupi kuliko sketi ile, na mmoja miguuni alikuwa na kandambili na vumbi la wiki nzima. Kijana akawapa tabasamu lenye meno yote. Heshima, nilivyoelewa siku ile, hupimwa kwa mita tofauti kutegemea mguu unatoka wapi.

Lakini sitawadanganya kwamba nililiona hilo wakati ule. Wakati ule nilikuwa upande wa kijana wa kaunta. Nilikuwa natikisa kichwa kukubali, mkononi nimeshika kurasa zangu kumi na moja, nikitamani aniulize swali. Aliyefanya jambo la maana ni Mayu. Alifungua kanga moja kiunoni mwake, akampa binti, akamwambia ajifunge wapande waende, maneno yasiwe mengi. Binti akajifunga, akamshika Mayu mikono yote miwili na kumwamkia shikamoo. Kijana akaridhika. Mimi nikamnong'oneza Mayu kwamba sasa yeye amebaki na kanga moja na huenda hilo nalo ni kosa.

Kiti cha kumi na mbili

Mayu aliingia ndani ya ndege, akaona watu wamekaa, akafanya anachofanya akiingia popote penye watu. "Mwadila," aliwasalimia safu ya kwanza. Wakaitika, kwa sababu nusu ya ndege walikuwa Wasukuma. "Mwadila," safu ya pili. Safu ya tatu akauliza habari za mvua. Nyuma yetu foleni ilirudi mpaka kwenye ngazi. Mimi nilikuwa namsukuma taratibu mgongoni na kuwaomba radhi watu ambao, nikikumbuka sasa, walikuwa wanacheka vizuri tu.

Tukakaa. Mayu dirishani, mimi njiani, na yule binti wa sketi ng'ambo ya njia. Jambo la kwanza binti alifungua kanga, akaikunja, akaipitisha mbele yangu kumrudishia Mayu kwa shukrani. Jambo la pili Mayu akavua viatu. Visigino vilikuwa vimechubuka mpaka vinatoa damu.

Mtu mwenye akili angeona damu. Mimi niliona kifungu cha saba. Nilipiga magoti njiani, abiria bado wanaingia, nikaushika mguu wa mama yangu na kuanza kuusukumiza ndani ya kiatu. Mayu akavuta. Nikavuta. Mzee mmoja nyuma yangu akasema kijana, mwache bibi. Nikamjibu kwamba sifanyi hivi kwa kupenda.

Mhudumu akaja akaniomba nikae. Nikakaa. Nikabonyeza kitufe cha kuita mhudumu. Akarudi. Nikamweleza kwa upole kwamba abiria wa ng'ambo amevunja sharti aliloingia nalo, yaani kanga, na kwamba mimi simshtaki, natoa taarifa tu.

"Wewe nani," binti akaniuliza, "mgambo wa sketi?"

Watu wakacheka. Nilipoona wamecheka nikasimama niwaeleze. Mhudumu akaniambia mara ya pili nikae. Akamwita mkubwa wake, mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo haina haja ya kupanda. Nikamkabidhi kurasa zangu zilizopigiwa mistari. Akazipokea, akasoma juu, akanitazama.

"Kaka, hili si shirika letu."

Hapo ndipo ningekaa. Nimekifikiria kile kipindi mara nyingi, na kila mara nakaa. Siku ile nilisema, "Masharti ni masharti," nikaendelea kusimama, suti imelowa mgongoni, nikimwonyesha kifungu cha saba kwa kidole. Akaniambia kaka, kaa, mara ya tatu. Nikamwambia mimi ndiye abiria pekee humu ndani ninayefuata utaratibu. Akaenda mbele akazungumza na rubani kwa simu ya ukutani. Akarudi akaniambia nitashuka, kwa kosa la kusumbua abiria na kukataa agizo.

 Hapo Mayu akauliza swali lile nililomkataza Jumamosi zote mbili.

"Wewe mama, kwenu wapi?"

"Kisarawe, mama."

"Mzaramo?"

"Mzaramo haswa."

Asiyejua naomba aelewe. Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani unamtukana usoni naye hakasiriki, anakurudishia. Na ukiwa na shida hawezi kukupita. Uso wa Mayu ukafunguka kama mtu aliyemwona ndugu sokoni.

"Kumbe nimepakiwa na mtumwa wangu," akasema. "Ndiyo maana hatuondoki."

"Hatuondoki kwa uzito wenu Wasukuma," mhudumu mkuu akajibu bila hata kupepesa. "Mmoja ni ng'ombe wawili, na nyuma mnakwenda na furushi la viazi."

Ndege ikaangua kicheko. Mimi nikavuta pumzi, nikajua nimepona. Mayu naye akajaribu kuniombea.

"Basi mtani, niachie huyu mtoto, tunakwenda kumuaga mdogo wake jioni hii. Ana akili nyingi, ndiyo zinamsumbua."

Mhudumu mkuu akachuchumaa karibu naye. Utani ulikuwa umetoka kwenye sauti yake. Akamwambia, "Mtani, huyu simwezi. Ameambiwa mara tatu, na rubani ameshakata shauri. Ila wewe nitakufikisha mpaka mkononi mwa mwanao. Ukishuka naye, leo hakuna ndege nyingine yenye nafasi."

Nilinyoosha mkono kumsaidia Mayu kusimama. Hakuwahi kuvuka Mwanza maisha yake yote. Sikufikiri hata kidogo kwamba kuna la kuamua. Mayu akautazama mkono wangu, kisha akavuta mkanda akajifunga mwenyewe, vizuri, kama tulivyofanya kwa kamba ya ndama.

"Masunga, shuka," akasema. "Umenifundisha kukaa, nimekaa. Mimi nakwenda kumwona Maduhu."

Nikashuka ngazi na kurasa zangu. Walinirudishia zote kumi na moja.

Mwanza hadi Shinyanga, na mbele

Nilipata basi la Dar la saa nane mchana. Maduhu sitamkuta, hilo nilishalijua, lakini Mayu lazima arudishwe nyumbani, na kwa wakati huo nilikuwa sijui kama ameshafikishwa mkononi mwa Maduhu. Kumpigia Maduhu niliona aibu, na simu ya Mayu ilikuwa imezimwa. Niliizima mimi mwenyewe, kabla hatujapanda, kwa mujibu wa kifungu cha tano.

Ndani ya basi kulikuwa na mzee aliyekaa peku, jogoo ndani ya kapu, na mwanamke aliyevaa kitenge na fulana ya mpira. Hakuna aliyekaguliwa. Aliyetiliwa shaka ni mimi. Konda aliitazama tai yangu akaniuliza bibi harusi yuko wapi. Nikamwambia ameondoka na ndege. Akanionea huruma kweli, akanihamishia kiti cha mbele. Jirani yangu, mama wa Misungwi, alinisikiliza kisa chote mpaka mwisho, kisha akafungua mfuko na kunikatia nusu ya sato. Nilikuwa sijala tangu biskuti. Nilimla kwa vidole, juu ya suti, na harufu ikaenda mpaka kiti cha mwisho bila mtu kulalamika.

Saa kumi na moja tuliingia stendi ya Shinyanga, na simu ikaita. Ilikuwa namba ya Maduhu.

"Kaka, Mayu kafika," akasema. "Kafika tangu saa nane, kaja peku, viatu kashika mkononi. Na kuna dada wa ndege wanatukanana njia nzima, nikataka kuita polisi."

Nikakaa kwenye ngazi ya basi. Akaniambia wamekaa pamoja kwa saa tatu kwenye benchi la nje, sasa inabidi aingie ndani akaguliwe, amebakiza dakika chache. Nilikuwa nimemwandalia maneno ya kumuaga, aya nne, nimezikariri. Ya kwanza ilihusu nidhamu. Nikafungua mdomo nikamuuliza kama amekula.

"Nimekula matobolwa mpaka basi. Kaka, mbona sauti hivyo?"

"Mwiba wa samaki."

"Haya. Mayu nimemwachia yule dada, anampeleka kwao. Sitaki uwe na wasiwasi."

Mdogo wangu, anayekwenda nchi asiyoijua, ndiye aliyekuwa ananituliza mimi. Nikamwambia aende salama. Simu ikakatika, na konda akapiga kelele tupande.

Gongo la Mboto

Niliwasili Dar asubuhi ya siku ya pili, suti imekuwa kama gunia la pamba lililoshindiliwa. Mhudumu mkuu alikuwa amemtumia Maduhu maelekezo ya nyumbani kwa mama yake mzazi, Gongo la Mboto, naye akanitumia kabla hajapanda ndege. Nilimkuta Mayu kwenye mkeka, miguu imepakwa dawa, anamwambia bibi mwenye nyumba kwamba wali wa nazi ni chakula cha watu wasio na meno.

"Ndiye huyu askari?" bibi akauliza.

"Ndiye," Mayu akasema. "Mpe wali."

Wakala, wakacheka, wakanisema mbele yangu kama sipo, na kila mgeni aliyepita mlangoni alisimuliwa upya. Nilistahili. Bibi alipokwenda jikoni nikapata nafasi, nikamwomba Mayu msamaha. Akaniuliza msamaha wa lipi, kwa sababu yalikuwa kadhaa.

Nikasema wa viatu.

"Viatu vinasameheka," akasema. "Miguu imepona nusu. Lakini uliushika mguu wangu mbele za watu, Masunga, kama ndama anayepigwa chapa. Wale watu nilikuwa nimetoka kuwasalimia."

  Kisha akanisogezea sahani yake ya wali, ambao kwa kweli hakuupenda.

Aliyomwambia Maduhu kwenye lile benchi kwa saa tatu hajaniambia mpaka leo, na sijamuuliza.

Kurudi

Tulirudi kwa basi. Mayu alikaa dirishani, peku, akawasalimia watu wote mpaka kiti cha mwisho, na kabla hatujafika Morogoro alishajua nani anakwenda msibani na nani anakimbia mke. Njia nzima hakuna aliyemwambia afanye nini. Tulifika Bariadi tumechoka, akapumzika siku moja kwangu, akarudi Lagangabilili kwenye pamba yake.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Kubadilika sijabadilika sana: bado nasoma maelekezo yote, na usiku kabla ya safari bado silali. Ila mama yangu simsahihishi tena mbele ya watu. Tukiwa wawili tu bado najaribu, na bado hanisikilizi.